Harufu Isiyo na Nyumba

Tulimwacha Mama Nuam, mkuu wa wanawake wanaolinda milango ya ndani ya ikulu, akiwa ameuzamisha uso wake katika mtandio aliouchomoa kwenye sanduku la mtu. Wiki nzima imepita, msomaji, na bado hajauinua.

Kundi zima la wachezaji lilikuwa limepiga magoti sakafuni. Sanduku la Phian lilikuwa wazi katikati ya ukumbi, nguo zake zimetapakaa huku na huko. Taji ambalo Phian huvaa anapoigiza mwana wa mfalme lilikuwa limebingirika hadi kizingitini. Hakuna aliyethubutu kuliokota.

Hatimaye Mama Nuam aliinua kichwa.

"Huu ni wa nani?"

"Wangu, Mama," alijibu Phian.

"Mtandio ni wako, naona. Nakuuliza harufu ni ya nani."

Phian alikuwa mwanamke wa karibu miaka thelathini, mabega mapana, nywele zimekatwa fupi kama za wanawake wote wa mji mkuu, Krung Thep, wa enzi hizo. Jukwaani aliwashinda majitu kwa upanga wa mbao, na nusu ya watazamaji wake walirudi makwao wakiugua. Hapa chini ya macho ya Mama Nuam hakuwa na upanga wowote.

Hatari yenyewe ilikuwa hii. Katika mji ule wa wanawake, nyuma ya kuta za mfalme, kila nyumba ya bibi mkubwa ilifukiza nguo zake kwa namna yake. Nyumba moja ilitumia sandali na zabadi. Nyingine mlangilangi. Ukifumba macho kichochoroni ulijua ni mtumishi wa nani aliyekupita. Nguo za wachezaji zilinukia asumini na kafuri, tangu zamani.

Mtandio ule haukuwa na asumini wala kafuri.

"Labda umeletwa na upepo," ilisema sauti kutoka nyuma.

Ilikuwa sauti ya Yisun. Yisun aliigiza majitu. Kwa miaka mingi alikuwa ameanguka chini ya upanga wa Phian kila mchezo, na kila mchezo alizidi kuchoka kuanguka.

"Yisun, nimekuuliza?"

"Hapana, Mama. Nasaidia tu. Naona mwana wa mfalme wetu leo amesahau maneno yake."

Wawili watatu walicheka. Mama Nuam alitema tambuu kwenye kopo lake la shaba, na kicheko kikafa.

Kila mtu pale ukumbini alijua kosa linalotafutwa. Liliitwa kuchezeana urafiki. Mwanamke akimpenda mwanamke kama mtu anavyompenda mume, sheria ya mji mkuu wa zamani, ule uliochomwa na Waburma, ilikuwa bado inamngoja: viboko, kisha alama ya wino iliyochomwa shingoni kwa sindano, kisha kutembezwa mbele ya watu wote, kisha kutolewa nje kwa mlango wa nyuma. Nywele zikiwa fupi namna ile, shingo haifichiki.

Usidhani, hata hivyo, kwamba sheria hiyo ilitumika kila siku. Ingetumika kila siku, ikulu ingebaki na shingo chache safi. Wanawake walilala wawili wawili, wakalishana tambuu, wakagombana kwa wivu, wakapatana. Mabibi waliona wakageuza nyuso. Wengine walitunga mashairi ya utani juu yake. Sheria ililala miaka mingi, hadi mtu mkubwa alipochukizwa na mtu mdogo. Ndipo ilipoamshwa.

Leo ilikuwa imeamshwa. Na nani? Hilo Phian hakulijua.

"Hutaki kusema," alisema Mama Nuam. "Vizuri. Pua zitasema. Waiteni wafukizaji wa nyumba zote."

Phian aligeuka kutazama mlango.

Maana mmoja wa wafukizaji hao alikuwa Lamai.

*

Waliingia wakitambaa kwa magoti, mikono imekunjwa, wakinong'onezana. Walikuwa wanawake wa rika zote, vidole vimekolea rangi ya maua na masizi ya mishumaa. Lamai aliingia karibu na mwisho. Alikuwa mdogo kwa Phian kwa miaka michache tu, mwembamba, mwenye paji pana la uso. Alikuwa mfukizaji wa Bibi Kesorn, na ni katika nyumba ya Bibi Kesorn ndimo alimokutana na Phian, ambaye mara kwa mara aliitwa huko kumsomea Bibi tenzi za mapenzi na vita.

Lamai aliona sanduku. Aliona nguo. Aliona mtandio mkononi mwa Mama Nuam.

Walikuwa wamepatana zamani kwamba wakikutana mbele za watu hawatatazamana. Hawakutazamana.

"Nuseni," alisema Mama Nuam. "Mmoja mmoja. Kila mtu aseme kama ni ya kwao."

Mtandio ulipita mkono kwa mkono.

"Si ya kwetu, Mama."

"Wala kwetu. Sisi hatutii mkadi, bibi yetu unamwumiza kichwa."

"Hii? Hii hata mbwa wa kwetu asingelalia."

"Jibu ulichoulizwa!"

"Si ya kwetu, Mama. Samahani."

Phian alianza kupumua. Kila "si ya kwetu" ilikuwa tofali lililoongezwa kwenye ukuta wa usalama. Kisha mtandio ukamfikia Lamai. Aliuinua, akaunusa kwa utaratibu, kama mtu anayeukuta kwa mara ya kwanza.

"Si ya kwetu," alisema.

Na ilikuwa kweli. Hakusema uongo hata kidogo. Ni yeye aliyeitengeneza, lakini haikuwa ya nyumba ya Bibi Kesorn. Tangu mwanzo alikuwa ameogopa siku kama hii. Ndiyo sababu hakumfukizia Phian nguo kwa harufu ya nyumba yake, bali alimtengenezea nyingine kabisa, ambayo hakuna pua ingeweza kuifuata hadi mlango wowote. Aliona kuwa amefanya jambo la busara.

Mfukizaji wa mwisho alikuwa mwanamke mzee wa nyumba ya kaskazini, asiye na jino hata moja. Alinusa. Akanusa tena. Akaurudisha mtandio kwa Mama Nuam kwa mikono miwili.

"Si ya kwetu. Basi si ya nyumba yoyote, maana sote tumekwisha kusema."

"Ndiyo."

"Basi Mama, haikutengenezwa kwa ajili ya nyumba. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu."



Lamai alitazama sakafu. Harufu ya nyumba ingeweza kuelezwa: mtandio umeazimwa, umebadilishana na mwingine kwa dobi, umeokotwa. Harufu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja haikuwa na maelezo ila ya namna moja. Tahadhari yake ndiyo iliyokuwa ushahidi.

"Mama wee!" alisema Yisun kwa furaha. "Kumbe si upepo."

"Nyoosheni mikono," alisema Mama Nuam.

*

Alipita mbele yao akiinama. Alinusa vidole vya kila mmoja. Hakuwa na haraka. Nje, wapiga marimba walikuwa wakifanya mazoezi ya mchezo wa alasiri, wakirudia kipande kimoja, wakikikosea, wakikirudia tena.

Lamai alikuwa ameosha mikono kwa ukwaju asubuhi ile, kama kila asubuhi. Aliosha kila kitu ila ufa mdogo kando ya ukucha wa kidole gumba. Hapo harufu ya kazi ilikuwa imejificha.

Mama Nuam alikishika kidole hicho. Akakileta puani.

Alikaa nacho.

Phian aliona mabega ya mkuu wa walinzi yakishuka, kidogo tu, kama ya mtu aliyeguswa mgongoni na mkono anaoufahamu. Phian hakungoja zaidi.

"Nimeitengeneza mwenyewe!" alipaza sauti. "Mama, harufu ni yangu. Nimeitengeneza mwenyewe, kwa ajili yangu mwenyewe. Hakuna mtu mwingine."

Yisun akaangua kicheko cha kweli.

"Wewe? Wewe uliyechemsha wali juzi ukaunguza hadi chungu?"

"Nyamaza, Yisun."

"Nanyamaza. Lakini Mama, muulize ametia nini. Muulize kitu kimoja tu!"

Mama Nuam aligeuka. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ukuta.

"Phian, umetia nini?"

"Maua," alisema Phian.

"Maua gani?"

"Meupe."

Hata wafukizaji waliokuwa wakitetemeka waliinamisha vichwa kuficha midomo.

Mama Nuam aliukunja mtandio, akautia kiunoni.

"Wachezaji, nendeni mkavae. Wafukizaji, rudini makwenu. Phian atakuja nami. Na wewe wa Bibi Kesorn, unaitwa nani?"

"Lamai, Mama."

"Wewe nawe utakuja. Nina swali kuhusu nguo za walinzi."

Hakuna aliyeamini kuwa swali ni la nguo za walinzi. Yisun alikuwa wa kwanza kutoka. Hakwenda kuvaa. Alikata kona upande wa mashariki, na upande wa mashariki, msomaji, kuna nyumba ya Bibi Kesorn.

*

Chumba cha walinzi kilikuwa na mikuki ukutani, mkeka mmoja na dirisha moja. Mama Nuam alifunga mlango mwenyewe. Wanawake wawili walipiga magoti bila kugusana.

"Ganda la balungi," alisema Mama Nuam.

Lamai aliinua kichwa.

"Udi kidogo, mkadi, na ganda la balungi lililobabuliwa motoni hadi likaribie kuwa jeusi. Hakuna nyumba inayotia hicho. Wanasema ni harufu ya jikoni. Nani alikufundisha?"

"Mama, mimi..."

"Usinidanganye. Nimedanganywa tangu asubuhi, nimeshiba."

Lamai alimtazama Phian kwa mara ya kwanza. Kisha akamtazama Mama Nuam.

"Mama Sut," alisema. "Alinifundisha kazi kabla sijaingia humu. Anauza mkadi kwenye gati la maua, mdomoni mwa mfereji. Anaishi juu ya jahazi bovu, pamoja na bata wake."

Mama Nuam alikaa chini. Hakuchagua mahali. Alikaa tu.

"Anauza," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Umesema anauza. Sasa hivi. Mwaka huu."

"Wiki iliyopita nilinunua maua kwake. Macho yamekwisha, lakini hakuna anayemdanganya. Anajua ua lililochumwa jana kwa kuligusa."

"Mimi niliambiwa amekufa kwa homa," alisema Mama Nuam, "kabla ya msimu mmoja kwisha tangu atolewe nje. Nilitoa chakula kwa watawa kwa ajili ya roho yake. Kila mwaka natoa."

Marimba za nje zilikikosea tena kile kipande.

"Ana kitambaa shingoni," alisema Lamai polepole. "Siku zote. Hata kwenye joto. Sikuwahi kumwuliza."

"Huna haja ya kumwuliza. Nitakwambia mimi." Mama Nuam alizungumza akitazama mikuki. "Alikamatwa peke yake, kwa mtandio kama huu. Wakamwuliza mwenzake ni nani. Wakampiga, wakamwuliza tena. Hakusema. Mimi nilikuwa mlinzi mpya, nimesimama nje ya mlango nimeshika mkuki. Nilisikia kila pigo. Nilikuwa nangoja alitaje jina langu niingie. Hakulitaja, sikuingia."

Phian alijongea mbele kwa magoti.

"Basi Mama anaelewa. Niache nifanye kama yeye. Niandike mimi peke yangu. Lamai arudi kwa bibi yake, hakuna aliyemwona. Shingo ni yangu, nitaibeba."

"Dada, huo ni upuuzi," alisema Lamai.

"Nyamaza, mdogo wangu."

"Sinyamazi! Jukwaani unaokoa watu, hapa hatuko jukwaani. Unadhani nitarudi kufukiza nguo za Bibi huku wewe unatembezwa?"

"Utarudi, utaishi, utasahau."

"Nisahau kwa kutumia nini?"

Mama Nuam alipiga mkeka kwa kiganja.

"Tulieni! Phian, nisikilize. Unajiona shujaa. Ukiibeba peke yako, atakayebaki nyuma atakuwa kama mimi. Nitazame vizuri. Umewahi kuniona nikicheka?"

Hakuna aliyewahi kumwona.

"Sasa," alisema Mama Nuam, na sauti yake ikawa ya kazi, "hatuna muda wa kulia. Amri ya kupekua sanduku lako haikutoka kwangu. Ilitoka kwa Bibi Kesorn."

"Bibi yangu?" alisema Lamai. "Bibi yangu hajui lolote! Hajawahi hata kuniuliza ninalala wapi."

"Anajua kitu. Aliagiza sanduku la Phian, si la mwingine. Na anataka shingo moja ichomwe alama kabla ya mchezo kuanza. Sababu hakuitaja, na wakubwa hawaulizwi. Nikimnyima, atakwenda juu zaidi, na huko watataka shingo mbili. Kwa hiyo atapata shingo."

"Mama!"

"Atapata shingo yenye wino. Sikusema wino gani." Alimgeukia Lamai. "Wewe kazi yako ni kuchanganya vitu. Nichanganyie wino unaotoka."

Macho ya Lamai yalianza kwenda huku na huko, si kwa hofu sasa, bali kama ya mtu anayefungua makabati kichwani.

"Masizi ya mshumaa," alisema. "Masizi na utomvu wa ndizi, na nta kidogo ili maji yasiuguse. Utashika siku kadhaa. Mafuta ya nazi ya moto yatautoa wote."

"Sindano nitashika mimi. Nitachoma juu juu, damu kidogo itoke, wenye macho waridhike. Phian, wewe utapiga kelele."

"Kupiga kelele naweza."

"Najua, nimekusikia ukifa jukwaani. Ukishatembezwa, utatolewa mlango wa nyuma kabla jua halijazama. Lamai atatoka kesho kununua maua kama kawaida, na hatarudi. Gati la maua, mdomoni mwa mfereji." Mama Nuam aliugusa mtandio kiunoni. "Mtamwambia yule mzee wa bata kwamba mlinzi wa mlangoni bado ana mkuki wake."

Lamai alifunika uso kwa viganja. Phian alinyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza mbele ya mtu wa tatu, akamshika bega.

"Jambo moja," alisema Mama Nuam. "Harufu hii. Umempa nani mwingine? Nataka kujua kama kuna mtandio mwingine unaozunguka humu utakaotuumbua."

"Hakuna, Mama. Nimempa mtu mmoja tu duniani."

Phian aliinuka kwenda kufunga dirisha. Lilikuwa limefungwa.

*

Masizi yalikuwa tayari kwenye kigae na utomvu ukikorogwa mlango ulipogongwa. Haukugongwa kwa adabu. Mama Nuam alikisukuma kigae chini ya mkeka kwa mguu.

Aliyeingia alikuwa Yisun. Alikuwa amekwisha kuvaa nguo za jitu, uso wa kijani na meno ya kuchora, na chini ya rangi ile alikuwa akitabasamu. Mikononi alibeba kisanduku cha mti mweusi kilichopambwa kwa magamba ya chaza.

"Mama Mkuu wa walinzi, natoka kwa Bibi Kesorn."

"Nani alikutuma huko?"

"Miguu yangu tu. Nilipita kumsalimu. Akauliza habari za asubuhi, nikasema kweli, maana nimelelewa hivyo. Nikamwambia wafukizaji wote wameondoka ila wake. Bibi akacheka. Ana kicheko kizuri, Bibi Kesorn, hujawahi kukisikia? Kama glasi inayopasuka."

"Sema ulichotumwa."

Yisun alisimama wima kama alivyofundishwa kusimama jukwaani.

"Bibi anasema: alama ichomwe sasa hivi, hapa, na mimi nishuhudie. Anasema Mama Nuam ni mtu mzima na macho yake yanachoka, asisumbuliwe na sindano. Katika nyumba ya Bibi upo mkono mmoja usiotetemeka. Lamai ndiye atakayechoma."

Akili ya Lamai ilikimbia mbele ya hofu: mkono wake mwenyewe, wino wake mwenyewe. Bibi alikuwa amewarahisishia kazi bila kujua. Alimtazama Mama Nuam, na Mama Nuam, kwa kope tu, alimjibu kwamba naye ameona.

"Nitafanya anavyoamuru Bibi," alisema Lamai. "Niruhusuni niandae wino."

"Usijisumbue," alisema Yisun, akanyoosha mikono. "Bibi ameleta wake. Mzuri sana, wa Kichina. Hautoki hata ukizikwa nao."

Chini ya mkeka, kigae cha masizi kilikuwa bado na joto.

"Haya, mwana wa mfalme," Yisun alimwambia Phian. "Safari hii ni wewe unayeanguka."

Phian alipiga magoti katikati ya chumba. Aliuvuta mtandio aliouvaa ukashuka hadi mabegani. Shingo yake ilikuwa ndefu na safi, ina alama moja tu ya mbu.

"Usitetemeke, mdogo wangu," alisema.

Lamai alipokea kisanduku. Kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake. Alisukuma kifuniko kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa na sindano ya fedha, na chupa ndogo ya wino iliyofungwa katika kipande cha hariri ya waridi, aina ile Bibi Kesorn huilaza chini ya mto wake.

Hariri ilimfikia kabla ya wino. Ilimfikia puani.

Udi. Mkadi. Na nyuma yake, uchungu kidogo wa ganda la balungi lililobabuliwa hadi karibu kuwa jeusi.

Mama Nuam naye alikuwa ameinusa. Aligeuka polepole.

"Ulisema mmoja tu," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilimpa mmoja tu."

Nje, marimba zilikipata kile kipande hatimaye, zikakipita, zikaendelea mbele bila kukosea. Mchezo ulikuwa unakaribia kuanza. Yisun alimtazama huyu, akamtazama yule, na chini ya rangi ya kijani tabasamu likamtoka.

Lamai aliitwaa sindano. Mkono haukutetemeka. Bibi alikuwa amesema kweli juu ya mkono huo.

"Dada Phian," alisema kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia. "Bibi yangu ameipata wapi harufu yangu?"

Phian aliisikia harufu hiyo. Shingo yake ilikuwa imeinama, tayari.

Hakuinua macho.